Fisi Akiuliza, Watoto Watajibu: Kuwaandaa Wanafunzi wa Sekondari Kuigiza Mbele ya Watoto

Swali: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya sanaa katika sekondari moja hapa Bagamoyo. Nina wanafunzi 14 wa kidato cha pili na cha tatu. Mwaka jana tulipeleka igizo la Sungura na Fisi shule ya msingi ya jirani, chini ya mwembe, mbele ya watoto kama 200 wa darasa la kwanza hadi la tatu. Fisi alipotokea na kinyago, watoto wa mbele walilia, wa nyuma wakasimama, waigizaji wangu wakaanza kucheka na walimu wakaingilia kati kwa ukali. Tumealikwa tena na tuna wiki nane. Mkuu wa shule mwenyeji anataka igizo lifundishe madhara ya utoro. Wanafunzi wangu wengine wanaona kuigizia watoto ni kujishusha. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, kwa maelezo yako, vipaji vya wanafunzi wako havina kosa. Walifanyia mazoezi nusu ya igizo, yaani maneno yao wenyewe. Nusu ya pili ni maneno ya watoto, na hiyo hawakuigusa. Mtoto wa miaka saba akiulizwa anajibu, akiogopa anasema, akimwona Sungura amejificha anamwonyesha kwa kidole. Mwigizaji asiyejua la kufanya na jibu hilo atacheka au ataganda, na akiganda yeye, igizo zima limeganda.

Wanafunzi wako wanalijua jambo hili kwa nadharia. Katika fasihi simulizi wamesoma kwamba kuna fanani, yaani anayesimulia au kuigiza, na hadhira, na kwamba hadhira hushiriki papo kwa papo. Waambie kwamba safari hii wanaingia ndani ya ukurasa ule. Kwa wale wanaoona ni kujishusha, wajue kwamba maigizo kwa watoto ni fani inayojitegemea. Shirika lake la kimataifa, ASSITEJ, liliundwa Paris mwaka 1965, na tarehe 20 Machi kila mwaka ni siku yake duniani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unataja katika ibara ya 31 haki ya mtoto kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa. Zaidi ya hayo, wewe uko Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Waulize vijana wanaosoma pale ni hadhira gani ngumu kuliko zote. Mtu mzima akichoka na igizo anavumilia kwa adabu, lakini mtoto akichoka anageuka na kuanza kuchora mchangani.

Anza na idadi. Watoto 200 kwa mkupuo mmoja, nje, bila kipaza sauti, ni wengi mno. Aliye safu ya mwisho haoni uso wa mwigizaji, na mtoto asiyeona uso anasimama. Akisimama yeye, wa nyuma yake naye anasimama. Kule kusimama kwa mwaka jana huenda hakukuwa utovu wa nidhamu hata kidogo. Gawa makundi mawili ya watoto 100 na mfanye maonyesho mawili asubuhi moja. Waketi nusu duara, safu zisizidi sita, darasa la kwanza mbele kwenye mikeka, la pili nyuma yao, la tatu kwenye mabenchi. Kati ya safu ya kwanza na eneo la kuigizia acha mita mbili, na uziwekee alama kwa kamba ya katani iliyolazwa chini. Eneo lenyewe liwe na upana wa mita sita na kina cha mita tano. Mkiwa na eneo kubwa zaidi, waigizaji wachanga hutawanyika na sauti zao hupotea.

Sasa saa. Anza saa 3:00 asubuhi na umalize saa 3:40. Shule nyingi hunywa uji saa 4:00, na harufu ya uji ikianza kupita hakuna Sungura atakayeshindana nayo. Kundi la pili liingie saa 4:45. Kwa mpangilio huo utakuwa umemaliza kabla ya adhana ya adhuhuri na kabla jua halijafika utosini. Uwaombe walimu wa darasa wawapeleke watoto chooni robo saa kabla. Jambo hili likisahaulika, kufikia dakika ya kumi utaona mikono ikinyooshwa, na mmoja akiruhusiwa wanafuata wanane.

Kivuli cha mwembe kinahama. Nenda siku moja kabla, saa zilezile mbili za maonyesho, uchore kwa kijiti pale kivuli kinapoishia. Watoto ndio wanaopewa kivuli. Waigizaji wakikosa, watavumilia nusu saa. Asubuhi wageuzie watoto migongo mashariki ili jua lisiwapige machoni. Kuna jambo moja linalosahaulika sana: mtoto mwenye ualbino akae mbele na ndani kabisa ya kivuli, kwa sababu ngozi yake haistahimili jua na mara nyingi macho yake hayaoni mbali. Asiyesikia vizuri naye akae mbele, mahali anapoona midomo ya waigizaji.

Wanafunzi 14 wanakutosha vizuri, ila usiwape wote uhusika. Sita waigize. Watatu wapige ngoma na kuimba. Mmoja awe mratibu, mwenye saa na daftari, anayejua igizo lote kwa kichwa. Wanne waliobaki waketi ndani ya hadhira, kila mmoja akiangalia watoto 25, nao tuwaite walezi wa mkeka. Kazi yao ni kuitikia kwanza pale watoto wanapoona haya, kumshika mkono anayelia, na kumrudisha kwa upole aliyevuka kamba. Wachague kwa uangalifu ule ule unaomchagua nao Fisi. Mara nyingi mwanafunzi mkimya mwenye wadogo wengi nyumbani ndiye anayeifaa kazi hii kuliko nyota wa klabu.

Kuhusu mazoezi, wiki nane kwa siku mbili za dakika 90 ni saa 24. Zinatosha ikiwa hutaanza kwa kugawa karatasi za maneno. Wiki mbili za kwanza pasiwe na maandishi. Kila mwanafunzi aende nyumbani akamsimulie hadithi hiyo mdogo wake au mtoto wa jirani, kisha arudi na majibu mawili tu: mtoto alicheka wapi, na aligeuza macho wapi. Utakuta sehemu walizogeuza macho zinafanana, na kwa kawaida ni pale wahusika wanapozungumza wao kwa wao muda mrefu bila kitu kutendeka. Sehemu hizo zikatwe kabla hata hazijaandikwa.

Wiki ya tatu na ya nne wajenge vipande vya igizo kwa kuigiza papo kwa papo, na mratibu aandike yanayofaa. Igizo zima lisizidi dakika 30. Kama wapo watoto wa awali, dakika 25 zinatosha. Kila baada ya dakika nne au tano pawe na kitu cha watoto kufanya: kuitikia wimbo, kupiga makofi, kutega sikio, kupuliza upepo wa tanga. Wafanye hayo wakiwa wameketi. Ukiomba mtoto mmoja aje mbele, watakuja arobaini. Ikiwa igizo lenu linamhitaji kweli, mwalimu wa darasa amchague mapema, naye aulizwe kama anataka.

Nije kwenye kiini cha tatizo lako. Tuseme Sungura amejificha nyuma ya ngalawa ya maboksi. Fisi anaingia na kuuliza: “Jamani, mmemwona Sungura?” Hapo mwongozaji mzoefu anajua kwamba yatatokea mambo manne, na Fisi wako awe na jibu la kila moja.

Mara nyingi watoto wataungana kumficha Sungura: “Kaenda kuleee!” Fisi aamini kabisa, akimbie upande huo, arudi akihema: “Huko kuna minazi tu!” Watoto watafurahi kwa sababu wamemshinda mtu mkubwa.

Pengine nusu yao watasema kweli: “Yuko nyuma ya ngalawa!” Fisi asijifanye hakusikia. Hili ndilo kosa linalowaudhi watoto kuliko yote, kwa sababu umewauliza, wamekujibu, kisha umewapuuza. Aitikie kwa sauti: “Nyuma ya ngalawa? Ngoja.” Aende polepole, akizunguka kutoka kulia, na Sungura azunguke kutoka kushoto kwa mwendo uleule, wakipishana bila kuonana. Fisi anachungulia na hapati kitu.

Inawezekana pia wakanyamaza, hasa kundi la kwanza asubuhi ambalo bado halijawazoea. Kimya kikizidi sekunde tatu, Fisi aseme, “Basi nitanusa mwenyewe,” aanze kunusa hewa, mkeka, hata viatu vya mlezi wa mkeka aliyekaa karibu. Kicheko kitawafungua.

La nne ndilo linalowaogopesha waigizaji. Mtoto mmoja anainuka, anavuka kamba, anamshika Sungura shati: “Huyu hapa!” Fisi asitishe kila kitu, apige goti ili urefu wake ulingane na wa mtoto, amwambie taratibu: “Ahsante sana, rafiki yangu. Rudi ukae, nataka nimfuate mwenyewe kwa kunyata.” Mlezi wa mkeka tayari amesimama kumpokea. Fisi anyate kwa hatua tano, ndefu kupita kiasi, na hizo hatua tano ndizo zinazompa Sungura nafasi ya kukimbia.

Angalia, mwalimu, kwamba njia zote nne zinafikishwa mahali pamoja: mwishowe Fisi anatazama nyuma ya ngalawa na Sungura hayupo. Hivyo ndivyo unavyompa mtoto nafasi ya kusema chochote bila igizo kupotea njia. Kwa kila swali lililomo katika igizo lenu chora njia hizi kwenye daftari la mratibu. Swali lisilo na njia zake liondolewe, na nakushauri usizidishe maswali manne katika igizo zima.

Njia hizo zinafanyiwa mazoezi hivi. Wanafunzi wasioigiza siku hiyo wawe watoto, kila mmoja akivuta kikaratasi kutoka kwenye kofia: lia, simama, omba kwenda chooni, jibu kila swali “hapana”, mgeukie mwenzako umwonyeshe jino linalotikisika, vuka kamba. Mwigizaji hajui nani ana nini. Mara ya kwanza patakuwa na vicheko tu, waache wacheke wamalize. Mara ya nne au ya tano utaona Fisi anaanza kusikiliza kweli, macho yake yakitembea juu ya mkeka badala ya kuganda hewani. Hapo mazoezi yamefika mahali.

Wiki ya tano na ya sita leta watoto halisi kumi wa darasa la pili, kwa ruhusa ya wazazi. Mratibu na wewe mkae ubavuni, si nyuma, ili mwone nyuso. Kila dakika mbili andika ni wangapi kati ya kumi wanaotazama igizo. Wakipungua chini ya sita mara mbili mfululizo, kipande hicho kifupishwe, hata kama ndicho mnachokipenda kuliko vyote. Wiki ya saba ongeza wafike 30. Wanafunzi wengine wa sekondari yenu watazame mazoezi ya mwanzo wakipenda, lakini siku ya onyesho wasiwepo. Rika lao likiwepo, waigizaji hulichezea: Fisi atatia utani wa kidato cha tatu, Sungura atauza sura, na watoto mia moja watabaki wakiangalia watu wanaocheka mambo yao. Hili linaua maigizo ya wanafunzi kuliko uhaba wa vifaa.

Lipo pia suala la sauti ya kitoto. Kijana akipewa hadhira ya watoto hupandisha sauti juu, anarefusha maneno, anaongea kama anamtuliza mtoto mchanga. Mtoto wa miaka minane anatambua mara moja kwamba anadharauliwa. Mwambie mwigizaji azungumze kama anavyozungumza na mdogo wake wakiwa na shughuli ya maana, tuseme wanatengeneza baiskeli. Maneno yawe ya nyumbani. “Changamoto,” “mazingira wezeshi” na mengine ya mahafali yabaki shuleni kwenu.

Kusikika nje hakutokani na kupiga kelele. Sauti ya kukaza koo hufifia baada ya onyesho la kwanza, na ninyi mna mawili. Wasimame wawili wawili uwanjani, umbali wa mita 5, wapelekeane sentensi moja, kisha mita 10, kisha 15. Kanuni ni tatu: uso mbele, pumzi kutoka tumboni, na mwisho wa neno usimezwe. Kiswahili kinabeba maana hata mwishoni mwa neno, na upepo wa baharini hula hapohapo kwanza. Kuanzia karibu Aprili hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini, na kuanzia Novemba hadi Machi kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Ukiweza, upepo uvume kutoka kwa waigizaji kwenda kwa watoto. Mratibu akae safu ya mwisho siku ya mazoezi ya mwisho, na asiposikia anyooshe mkono. Asubuhi ya onyesho wapate chai na andazi mapema na maji ya vuguvugu. Soda baridi wasubiri wamalize.

Ngoma moja kubwa na moja ndogo, pamoja na kayamba, zinatosha. Ziwe mita tatu kutoka kwa mtoto wa karibu zaidi, la sivyo atakaa ameziba masikio. Ngoma ikilia mwigizaji asiseme, na akisema ngoma inyamaze. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi usiku, kwa hiyo asubuhi zianikwe juani dakika 20 au ziote moto wa makuti mbali na watoto, kisha zijaribiwe. Ngozi ikilegea hutoa mlio mzito usio na mpaka, na ishara zenu zitachanganyika.

Nimetaja ishara kwa sababu ndizo zinazowaondolea walimu haja ya kukemea. Kabla hadithi haijaanza, mpiga ngoma awafundishe watoto mchezo: ngoma ikilia pa-pa, wao wanajibu makofi pa-pa-pa, kisha viganja vinatua magotini. Wauchezee mara tatu, haraka, polepole, halafu kwa kunong’ona. Baadaye watoto wakichemka, mpiga ngoma anapiga pa-pa na kimya kinarudi kama sehemu ya mchezo. Zungumza na walimu wenyeji mapema, kwa heshima, kwamba wasisimame kukemea wakati wa igizo. Waeleze kwamba kelele za kumwonya Sungura ndizo tunazozitaka. Mwalimu akiingia kuzituliza, watoto wanaelewa kwamba kushiriki ni kosa, na hutawapata tena.

Kwa sababu hiyohiyo, waigizaji wasiingie kwa salamu ya darasani. Wakisema “Hamjambo watoto?” kundi zima litasimama na kuitikia kwa pamoja kama linavyomwitikia mwalimu, na tangu hapo mko ndani ya kipindi. Waingie kwa ngoma na wimbo, wazunguke nusu duara mara moja, wakae, kisha msimulizi afungue: “Paukwa!” Watoto wa pwani watajibu “Pakawa!” Muulize tu mwalimu wa darasa kama wao wamezoea hiyo au “Hadithi, hadithi!” yenye kiitikio cha “Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea.” Tumia ile wanayoijua.

Sasa kinyago kilicholiza watoto. Watoto wadogo wengi hupata hofu uso wa mtu unapofichwa ghafla, hata kama kinyago chenyewe kinachekesha. Hawakuona mtu akigeuka Fisi. Waliona Fisi akija. Dawa yake ni kugeuka mbele yao. Kijana aingie na uso wake, aseme: “Mimi naitwa fulani, nasoma kidato cha tatu. Leo nitakuwa Fisi.” Avae sikio moja, awatazame. Avae la pili. Afunge mkia, ajikune, acheke kicheko cha fisi mara ya kwanza kwa sauti ndogo, ya pili kubwa kidogo. Sekunde 40 hizo zinapunguza vilio kuliko maelezo yoyote. Mtoto akilia hata hivyo, Fisi asimsogelee kumbembeleza. Arudi nyuma hatua mbili, ainame, ageuze uso pembeni, na mlezi wa mkeka afanye kazi yake.

Kwa hiyo masikio na mkia vinatosha, uso ubaki wazi. Kinyago kizima humeza sauti na hufunika macho, ambayo mtoto huyasoma kabla ya maneno. Mkia utokane na kamba ya katani iliyofumuliwa ncha. Masikio yatengenezwe kwa boksi na tabaka nne za vipande vya gazeti vyenye upana wa sentimita 3. Gundi yake ni kikombe 1 cha unga wa ngano kilichokorogwa kwa kikombe 1 cha maji baridi, kikamiminwa kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka na kukorogwa kama uji kwa dakika tatu, pamoja na kijiko cha chumvi kuzuia ukungu. Msirundike tabaka zote siku moja. Kwa unyevu wa Bagamoyo kila tabaka mbili zinahitaji siku nzima ya jua, na sikio lililopakwa rangi likiwa bichi ndani hunuka na kulegea wiki hiyohiyo.

Ngalawa ya maboksi iwe na urefu wa mita 1.8 na kimo cha sentimita 80, mwigizaji aliyechuchumaa asionekane. Nyuma yake funga miguu miwili ya mianzi na uning’inize chupa nne za lita moja na nusu zilizojaa mchanga. Ngalawa isiyo na uzito itaangushwa na upepo katikati ya onyesho na Sungura ataonekana amechuchumaa peke yake uwanjani. Ikitokea, asiiinue kimyakimya. Apige yowe, “Mawimbi!” na watoto wapulize upepo kumsaidia kuisimamisha.

Kuhusu utoro, mkuu wa shule ana haki ya kutaka igizo lenye faida, na nchi hii ina mapokeo marefu ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Ila usimpe Sungura hotuba mwishoni. Weka utoro ndani ya tendo. Fisi anamshawishi Sungura aache shule wakavue pweza maji yakitoka. Anaenda, anafurahi kweli (usifiche kwamba anafurahi, watoto wanajua ufukwe una raha), halafu maji yanajaa na barua iliyokuja nyumbani Sungura hawezi kuisoma. Fisi anamsomea vile anavyotaka yeye, na watoto wanaona. Hapo wenyewe watapiga kelele kwamba anadanganywa. Mwonyeshe mkuu wa shule kipande hicho wiki ya sita, uketi naye umweleze. Akiona watoto kumi wakimpigia kelele Fisi, mara nyingi hatadai hotuba tena.

Baada ya igizo tenga dakika kumi za mazungumzo, waigizaji wakiwa wamevua masikio na kukaa chini pamoja na watoto. Usiulize “Mmejifunza nini?” Hilo ni swali la darasani, na jibu lake litakuja kwa kiitikio: “Tumejifunza tusiwe watoro!” Uliza: “Ungekuwa wewe ungemjibuje Fisi alipokuja asubuhi?” au “Kwa nini Sungura alikubali?” Gawa vikundi vinne kwa walezi wa mkeka, kwa sababu mtoto mwenye haya husema mbele ya 25, hasemi mbele ya 100. Inawezekana mtoto akaeleza kwamba anakosa shule kwa sababu nyumbani kuna njaa au anapigwa. Wanafunzi wako wafundishwe kusikiliza, kutomdadisi, kutomwahidi siri, na kukuletea wewe jambo hilo mara moja ili ulifikishe kwa mwalimu anayehusika. Namba 116 ni huduma ya simu ya bure kwa mtoto; iwe kwenye daftari la mratibu.

Vibali visichelewe. Andika barua kwa mkuu wa shule mwenyeji na nakala kwa afisa elimu kata, na upate ridhaa ya maandishi ya wazazi wa waigizaji wako, kwani kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akiwa kidato cha tatu. Picha za watoto zisipigwe na kurushwa mtandaoni bila idhini ya shule na wazazi. Wavulana na wasichana wapewe vyumba tofauti vya kuvalia maleba, yaani mavazi ya kuigizia. Na ikiwa mtatumia hadithi iliyomo kwenye kitabu cha mtu badala ya ngano ya mapokeo, ombeni ruhusa ya mwenye haki. Kuhusu kalenda, wa kidato cha pili wana mtihani wa taifa Novemba, hivyo onyesho lisivuke Septemba.

Kati ya onyesho la kwanza na la pili, wakati watoto wanakunywa uji, mna dakika 65. Nusu saa ya kwanza wapumzike kimya, wanywe maji. Kisha walezi wa mkeka wanne waseme kwanza, kabla ya waigizaji, kwa sababu wao ndio waliokaa mahali igizo linapofika. Kila mmoja aeleze mahali pamoja watoto wake walipotoka kwenye hadithi. Chagua mambo mawili tu ya kubadilisha. Ukibadilisha matano, wataingia wakikumbuka maagizo badala ya kuwatazama watoto. Kisha ngoma zirudishwe juani, kamba ilazwe upya pale kivuli kilipohamia, na Fisi avue masikio yake ayafiche mfukoni, maana saa 4:45 kuna watoto mia moja ambao bado hawajamwona akigeuka.